Hivi kweli dini ya mgombea urais inaleta kura Tanzania? Namba za 1995 mpaka 2015 zinasema vingine

#1 Kahawa Chungu (mleta mada)

Wakuu salaam,

Kuna hii imani imekaa vichwani mwa watu kwamba Muislamu anampa Muislamu mwenzie na Mkristo anampa Mkristo mwenzie, ukiomba ushahidi unaambiwa "we subiri uchaguzi utaona". Mi nimesubiri toka vyama vingi vianze kugombea urais 1995 na sijaiona hiyo kitu kwa ukubwa unaosemwa. Nimekaa na matokeo ya Tume ya Uchaguzi nikaona niyamwage hapa tuyachambue, matusi wekeni pembeni.

Anza na Prof. Lipumba. Muislamu, mtu wa Tabora, msomi wa uchumi mwenye PhD ya Stanford, sio mtu wa kuokota. 1995 karatasi ya urais ilikuwa na majina manne tu: Benjamin Mkapa, Augustine Mrema, John Cheyo na Ibrahim Lipumba. Someni hayo majina tena taratibu. Muislamu alikuwa mmoja. Na nchi ndo kwanza ilikuwa inatoka kwenye miaka kumi ya Mzee Mwinyi, misikiti imejaa, mihadhara kila kona ya Dar, mwaka juzi yake tu mabucha ya nguruwe yalivunjwa. Yaani kama kuna siku Waislamu walikuwa na hasira na wana mtu wao mmoja wa kumpa ni siku ile. Akapata asilimia 6.4. Mkapa 61.8, Mrema 27.8, Cheyo zilizobaki.

2000 wakarudi walewale wanne. Lipumba akapanda mpaka 16.3, Mkapa 71.7.

Sasa kama Waislamu wa nchi hii wanapiga kura kwa dini basi Waislamu Tanzania ni asilimia 6, au tuwe wakarimu tuseme 16. Kuna shehe yeyote atakubali hiyo hesabu? Hata padri hawezi kuikubali.

Tuhamie upande wa pili. 2010 CHADEMA wakamleta Dk. Slaa, huyu sio Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, huyu alikuwa PADRI, amewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Anapambana na Kikwete, Muislamu wa Msoga, tena na mgombea mwenza Dk. Bilal, Muislamu. Ukitaka kupima dini kwenye maabara huwezi kupata kipimo kizuri kuliko hicho. Slaa asilimia 26, Kikwete 61. Na miaka mitano nyuma Kikwete huyohuyo alipata 80, ambazo huwezi kuzifikisha bila Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa na Wafipa, na sidhani kama walisilimu wiki ya uchaguzi.

Niongeze kitu cha nyumbani. Bi mkubwa wangu ni WAWATA damudamu, kitenge cha Bikira Maria, jumuiya kila Jumamosi alfajiri hakosi. 2010 mimi nikiwa nimevimba na Slaa nikajua kura ya mama ipo mfukoni. Nikamuuliza siku moja anachambua mchele uani, akasema bila hata kunitazama, "Huyo si alivua kanzu? Aliyeiacha altare atashindwa kuiacha Ikulu?" Nikabaki mdomo wazi. Na hakuwa peke yake, kwenye jumuiya yao wamama wengi walikuwa na msimamo huohuo: kuliko padri aliyeacha upadri, kwao bora mlei wa kawaida, hata Muislamu mstaarabu. Vijana ndo walikuwa hawajali, wao walitaka orodha ya mafisadi.

Mi ninachokiona ni hiki. Dini ya mgombea haivuti kura, INATISHA kura za upande mwingine, na inafanya kazi kubwa ndani ya chama kabla karatasi haijachapwa. Kwenye sanduku lenyewe mchango wake ni mdogo. Angalia nembo zinavyobandikwa. CUF, chama cha Lipumba, ikaitwa chama cha Waislamu, wakati mwenyekiti wake wa kwanza 1992 anaitwa James Mapalala. CHADEMA 2005 mgombea akiwa Mbowe ilikuwa "chama cha Wachaga", hakuna aliyesema Wakatoliki. 2010 mgombea ni Slaa wa Karatu, ghafla ikawa "chama cha Wakatoliki", na Naibu Katibu Mkuu wao ni Zitto Kabwe. Wanachama walewale, ofisi ileile Kinondoni, kilichobadilika ni mgombea na nembo ikabadilishwa kumfuata.

Karibuni.

#2 Chui wa Ulanga

Mkuu umechagua namba zinazokufaa zingine umezifukia.

Hiyo 2010 iweke yote mezani. Lipumba 2005 alipata kura milioni 1.3, 2010 akapata kama laki 7. Nusu ya watu wake walienda wapi? Mi nilikuwa Kigamboni kipindi kile, nawajua watu wa CUF kabisa wa kadi na bendera juu ya paa, wamempa Kikwete. Ukimuuliza anakwambia "bora nusu shari, padri akiingia pale tumekwisha". Hiyo sio kura ya dini?? Na usijifanye umesahau 2009: waraka wa Wakatoliki ulivyotoka wa kuelekeza watu wachague kiongozi wa namna gani, Mzee Kingunge akasimama kutaka uondolewe, na Waislamu nao wakajibu na Mwongozo wao kupitia Shura ya Maimamu. Mwaka mzima kabla ya kampeni watu wameshapashwa moto makanisani na misikitini halafu unakuja kutuambia dini haikuwepo kituoni?

Kingine, mahakama ya kadhi. CCM iliingiza kwenye ilani ya 2005 kwamba italipatia ufumbuzi. Iliingizwa kwa ajili ya nani kama sio kuvuta kura za dini? Chama kizima na wataalamu wake wa kuhesabu kura hawawezi kuandika kitu kwenye ilani kwa kujifurahisha.

#3 Kahawa Chungu

Chui umekuja vizuri, twende nayo.

Lipumba alishuka kweli. Ila 2010 nani hakushuka? Kikwete alitoka kura milioni 9.1 mpaka milioni 5.3. Kama milioni 3.8 zimeyeyuka. Slaa ukimlinganisha na Mbowe wa 2005 kaongeza kama milioni 1.6 tu. Zilizobaki ziko wapi? Zimelala nyumbani. Waliojiandikisha walikuwa milioni 20 na kitu, waliopiga hawakufika milioni 9, wakati 2005 ilikuwa zaidi ya asilimia 70 ya waliojiandikisha. Mtu ambaye dini yake iko hatarini halali nyumbani mkuu, anatoka saa kumi na moja asubuhi kupanga foleni. Wale walilala kwa sababu ya kashfa za ufisadi za Richmond na EPA, maisha magumu na wameona CCM itashinda tu.

Ila hao wa Kigamboni sikupingi, na ukiangalia vizuri unanisaidia mimi. Hawakumpa Kikwete kwa kuwa Muislamu, maana Muislamu wao walikuwa nae, tena Lipumba ndo anajulikana kwa kutetea mambo yao. Walimpa kwa kumuogopa padri. Ndo nilichoandika hapo juu, hofu. Kura ya mapenzi na kura ya hofu zinaingia sanduku moja ila hazitoki sehemu moja.

Kadhi sasa. Iliwekwa 2005, mpaka Kikwete anaondoka 2015 mswada umepigwa danadana bungeni na haukupita. Waislamu walichukia? Walichukia. Wakahama kwa wingi? Pwani, Lindi na Mtwara CCM waliendelea kubeba urais, na 2015 mgombea alikuwa Magufuli, Mkatoliki wa Chato. Kama ahadi ya dini haikutekelezwa na adhabu haionekani kwenye sanduku, basi nguvu yake inasemwa kuliko ilivyo.

#4 Bint Mkunazini

Asalaam alaykum. Nyinyi wa bara mnahangaika na hesabu, njooni kwetu mkaone.

Zanzibar sote Waislamu, karibu wote. Mgombea Muislamu, mpinzani wake Muislamu, mwenye kuhesabu kura Muislamu, askari aliyetupiga Muislamu. 1995 Dk. Salmin 50.2, Maalim Seif 49.8. Haya niambieni hapo dini ilimpa nani. Ingekuwa dini yatosha kumpangia mtu kura tungelimaliza uchaguzi kwa dua. Kwetu inaangaliwa umetoka kisiwa gani, Pemba au Unguja, babu yako alikuwa Hizbu au ASP, vile vyama vya kabla ya Mapinduzi, Mapinduzi yalikukuta wapi. Dini moja, msikiti mmoja, mtu na ndugu yake hawazikani kwa ajili ya CCM na CUF, nimeyaona hayo kwa macho yangu mtaani kwetu, watu wanahama mpaka msikiti wa kusali Ijumaa.

Na kuna jambo jengine hamlisemi kabisa. Katiba inataka rais akitoka bara mgombea mwenza atoke Zanzibar. Kwa hivyo bara wakimsimamisha Muislamu, tiketi nzima inakuwa ya Waislamu wawili bila ya mtu kukusudia. Kikwete na Dk. Shein 2005, Kikwete na Dk. Bilal 2010. Mara mbili! Na sikumbuki mtu kuandamana.

#5 Fundi Saa

Bint hapo umepiga mulemule. Mi nilikuwa Naijeria kwa mihangaiko yangu ya spea kipindi cha uchaguzi wa 2023, nikawaambia jamaa zangu pale Lagos kwamba kwetu tumeshakuwa na rais na makamu wote Waislamu miaka kumi na hatukuwa hata na jina la hiyo kitu, walikataa kabisa kuniamini.

Kule Tinubu, Muislamu wa kusini, akamchukua Kashim Shettima, Muislamu wa Borno. Chama cha Makanisa, CAN, kikaja juu. Redio, mabasi, kila sehemu mjadala ni "Muslim-Muslim". Hesabu ya Tinubu ilikuwa wazi, kaskazini ndo kwenye kura na kaskazini hawakutaka makamu Mkristo wa kwao. Kingine kilichonichekesha ni kwamba mke wa Tinubu ni mchungaji wa kanisa la Redeemed, Wayoruba wenyewe nyumba moja unakuta baba msikitini mama kanisani na hawaoni ajabu.

Matokeo: Tinubu karibu asilimia 37, Atiku 29, Peter Obi 25. Obi Mkatoliki, akabeba Lagos nyumbani kwa Tinubu, akabeba Abuja na Plateau. Watu wakasema umeona, Wakristo hao. Lakini kaka Lagos mi nilikuwepo, nimeona vijana wa Kiislamu wamevaa fulana za Obi, hasira zao ni polisi, mafuta na noti mpya zilizokosekana benki, ile foleni ya ATM siku moja nimesimama mpaka nikapoteza mteja. Na 1993 Abiola alisimama na Kingibe, Waislamu wawili, akashinda mpaka akamshinda Tofa kwake Kano, wanajeshi ndo wakafuta. Nchi ileile, tiketi ya namna ileile, miaka 30 katikati. Dini haikubadilika, kilichobadilika ni hofu, katikati hapo sharia iliingia majimbo ya kaskazini na Boko Haram wakaja. Mleta mada nakuunga mkono kwenye hiyo hofu.

#6 jembe_halimtupi

mnazunguka mbuyu tu. mtanzania dini yake siku ya kura ni fulana na kofia na pilau. tumemaliza uzi ufungwe

#7 msee_wa_Likoni

Msalimike wabongo. Nimesoma yote, acha niseme ya huku Kenya.

Huku kabila ndio baba, dini inakuja kama shemeji. Lakini ile maneno ya hofu mleta mada anasema, tuliiona live 2007. Raila alikuwa anatafuta kura za Waislamu wa Pwani na North Eastern, akatia sahihi makubaliano na NAMLEF, jukwaa la viongozi wa Waislamu, mambo ya kawaida tu ya Waislamu kutobaguliwa, kutopelekwa nje kwa kesi za ugaidi, passport na kitambulisho zisiwe shida. Kidogo kidogo kukatokea karatasi feki inasema ameahidi Sharia nchi nzima. Ikapigwa photocopy ikasambaa makanisani kama bulletin. Ilibidi watoe ile original hadharani ndio watu watulie na bado wengine hawakutulia. Raila mwenyewe alikuwa Mkristo, Mwanglikana, sasa dini yake haikuwa ndio issue, issue ilikuwa amekaa na nani.

Na 2022 Ruto alizunguka makanisa hadi tukachoka, kila Jumapili yuko madhabahuni na mchango. Lakini Luo Nyanza kuna makanisa kila kona, alipata nini huko? Na Mlima Kenya ukampa, si kwa sababu ya maombi, ni kwa sababu alikuwa na Gachagua na hustler narrative. Maombi yalikuwa ya kuongeza ladha.

#8 Chui wa Ulanga

Sawa tukubaliane kwamba watu wengi hawapigi kwa dini. Ila mleta mada umesema dini inafanya kazi kubwa ndani ya chama kabla ya karatasi kuchapwa, hilo hukulifafanua umelipitia juujuu. Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Muislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Muislamu, Magufuli Mkatoliki. Zamu hiyo imetoka mbinguni?

#9 Kahawa Chungu

Haijatoka mbinguni na haijaandikwa popote, ndo uzuri na ubaya wake.

Ila nikupe kitu ukifikirie. Julai 1995 Chimwaga, Dodoma, mchujo wa CCM wa mwisho walikuwa watatu, Mkapa, Kikwete na Msuya. Raundi ya kwanza aliongoza nani? Kikwete. Yaani wajumbe wa CCM walikuwa tayari kabisa kumpa Muislamu kijiti kutoka kwa Muislamu. Raundi ya pili ndo Mkapa akampita, kwa tofauti ndogo, na wote tunajua Mwalimu alikuwa nyuma ya nani. Hiyo zamu ingekuwa sheria iliyoko kwenye damu ya wajumbe Kikwete asingeongoza hata raundi moja. Na Mwalimu huyohuyo Machi mwaka ule alishawaita waandishi Hoteli ya Kilimanjaro akaongelea nyufa za nchi na udini akautaja kwa jina.

Kwa hiyo zamu naiona kama kitu cha wakubwa. Wajumbe wa chini wanaweza kuivunja, wakubwa ndo wanaikumbuka. Faida yake mgombea akifika kwa mwananchi hoja ya dini imeshapunguzwa makali, kila mtu anajua wa kwake alikuwepo au atakuja. Ubaya wake mtu mwenye uwezo anaambiwa "safari hii sio ya kwenu" bila mtu yeyote kutamka neno.

#10 Fundi Saa

Na 2015? Tatu bora ya CCM ilikuwa Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dk. Asha-Rose Migiro. Muislamu alikuwemo mpaka mwisho.

#11 Chui wa Ulanga

Fundi usituchezee, wale waliwekwa pale ikijulikana Magufuli anapita. Wajumbe walimpa zaidi ya asilimia 80.

#12 Mwanaisha wa Sikonge

Nimekuwa msomaji tu ila mmefika kwetu Tabora ngoja niingie. 2015 hiyohiyo mnasahau ya Lowassa. Alikuja Tabora akaingia kanisa la Kilutheri, akawaomba waumini wamuombee kwa kuwa Mlutheri hajawahi kuwa rais. Ilirekodiwa, ikazunguka WhatsApp siku ileile. Mimi ni Muislamu wa UKAWA, muungano wa upinzani uliomsimamisha Lowassa, nilikuwa nishaamua kura yangu ni ya Lowassa sababu ya mabadiliko, na muungano ule ulikuwa na CUF ndani yake. Kila kijiwe nikapita naulizwa "mama, mgombea wenu wa Walutheri hajambo?" Kura yangu nilimpa, ila shoga zangu wawili pale sokoni waliachia hapohapo. Na mtaa wa pili kuna Wakatoliki walikuwa wa UKAWA na wao wakanuna, maana hapo sio Uislamu na Ukristo tena, ni Walutheri na Wakatoliki.

Kwa hiyo kule kanisani aliongeza kura ngapi? Walutheri wa pale walikuwa wake tayari. Waliopungua ndo walikuwa hawajaamua.

#13 Kahawa Chungu

Mwanaisha asante dada, ungeingia mapema ungenipunguzia kuandika. Na kumbuka hiyo ni kauli moja ndani ya ibada moja, wakati maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada kabisa. Alipata asilimia karibu 40, matokeo makubwa kuliko mpinzani yeyote kabla yake, na zilitoka Zanzibar, Kilimanjaro, Arusha, Dar, mchanganyiko mtupu.

#14 jembe_halimtupi

na 2025 mbona hamgusi?

#15 Kahawa Chungu

2025 siiweki kwenye uzi huu. Chama kikuu cha upinzani hakikuwepo kwenye karatasi, sasa utapimaje mpiga kura alivutwa na dini au alivutwa na nini wakati wa kulinganisha nae hayupo. Hiyo fungua uzi wake.

#16 Chui wa Ulanga

Mi bado sijaridhika na hoja ya namba kwa sababu moja. Unasema Lipumba asilimia 6 kwa hiyo Waislamu hawakumpa. Lakini hujui Waislamu ni wangapi! Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa 1967. Toka hapo kila mtu ana asilimia zake za mfukoni, na 2012 kuna Waislamu waligoma kuhesabiwa kwa hilohilo. Na Tume haikuambii kura ya dini gani imeingia wapi. Unapima kitu bila rula.

#17 Kahawa Chungu

Rula sina, ila huhitaji rula kujua tembo hajaingia kwenye friji. Chukua makadirio yoyote unayoyataka, ya msikitini au ya kanisani, ya juu kabisa au ya chini kabisa. Hakuna hata moja linaloshuka mpaka 6. 

Kama unataka kunibana nibane kwa kata. Tafuta matokeo ya 2010 ya kata mbili zinazopakana, moja ya misheni moja ya Waislamu, umasikini uleule, barabara ileile mbovu, tuone Slaa na Kikwete walipishana kiasi gani. Mi ninayo ya udiwani kwa sehemu za Kondoa, ya urais kwa kata sijayapata. Mwenye nayo ayaweke.

#18 Bint Mkunazini

Kondoa usichukue, Kondoa wataleta na Warangi humo humo mje mtuambie ni kabila. Chukueni Ujiji na Kasulu.

#19 Mwanaisha wa Sikonge

Ujiji na Kasulu Waha wapo kote, hapo sawa. Nina binamu alikuwa msimamizi kituo Kasulu, namuuliza kama fomu za kubandika ukutani alipiga picha.